Vimkeka vya Santuri vyenye Michoro ya Kuzunguka: Mwongozo kwa Mafundi wa Nyakiyumbu na Bwera

Kimkeka cha kutelezea, ambacho madijei hukiita slipmati, ni duara la kitambaa linalokaa kati ya sahani ya gramafoni na santuri. Kazi yake ni kupunguza msuguano, ili mkono uweze kuizuia santuri, kuirudisha nyuma au kuiachia kwa wakati unaotakiwa huku sahani iliyo chini ikiendelea kuzunguka kwa kasi ile ile. Mpira unaouzwa pamoja na mashine hufanya kinyume chake: huing'ang'ania santuri isisogee. Kwa kuwa kimkeka huzunguka muda wote muziki unapopigwa, ni mahali panapofaa mchoro wa aina ya pekee, yaani mchoro ambao ukitulia ni mistari mitupu, na ukizunguka huonekana kuzama, kuvimba au kutambaa.

Vitu hivyo viwili, kitambaa na mchoro, vina historia mbili tofauti. Kitambaa kilikomaa New York. Kuelekea mwaka 1970 Francis Grasso, dijei wa klabu ya Sanctuary, alikuwa akiishikilia santuri kwa kidole juu ya sahani inayozunguka na kuiachia palepale wimbo wa kwanza ulipofika mwisho. Miaka michache baadaye, katika mitaa ya Bronx, Grandmaster Flash alikata feliti kwa umbo la santuri na kuitia wanga ili isijikunje chini ya mkono. Mashine ya Technics SL-1200 ilitoka mwaka 1972, na toleo lake la pili mwaka 1979. Mota yake inayoshika sahani moja kwa moja bila mkanda ndiyo iliyoufanya mtindo huo uenee, maana haikulegea mkono ulipoizuia santuri.

Mchoro wa kuzunguka ni mkongwe zaidi. Mwaka 1832 Joseph Plateau wa Ubelgiji alitengeneza duara lenye picha zilizopangwa ukingoni ambazo, zikizungushwa na kutazamwa kupitia matundu membamba, zilionekana kutembea. Mwaka 1924 Cesare Musatti wa Italia alichapisha uchunguzi kuhusu duara zilizochorwa ndani ya duara nyingine bila kushiriki kitovu: zikizunguka polepole, jicho huziona kama pia au bakuli lenye kina. Msanii Marcel Duchamp, aliyekuwa ameanza kuzungusha vioo vyenye michoro tangu mwaka 1920, ndiye aliyeliunganisha jambo hili na gramafoni. Mwaka 1935 alichapisha Rotoreliefs, kadi sita za duara zenye mchoro kila upande, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 20, za kuwekwa juu ya sahani ya gramafoni ya nyumbani. Miongoni mwa michoro hiyo 12 kulikuwa na yai, taa, puto na samaki ndani ya chombo. Alikodi kibanda katika maonyesho ya wavumbuzi ya Concours Lépine mjini Paris ili aziuze kwa bei ya mtu wa kawaida, na karibu zote zikabaki mezani. Wazo lake hata hivyo halikufa: vimkeka vyenye michoro vinavyouzwa leo katika maduka ya madijei vinafanana nalo, na baadhi vina mistari mikali ya weusi na weupe kama ile ya wachoraji wa miaka ya 1960, akina Victor Vasarely na Bridget Riley.

Anayetengeneza kimkeka Nyakiyumbu hana sababu ya kunakili vile vya Ulaya. Tarafa hii ya wilaya ya Kasese iko jirani na Bwera na kivuko cha Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha hutenganisha Uganda na Kongo, na muziki uliovuka mto huo kwa miongo mingi ni rumba. Rumba ya miaka ya 1960 na 1970 ilitolewa zaidi katika santuri ndogo za sentimita 17.5 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo ulipokuwa mrefu uligawanywa pande mbili, na mara nyingi sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea, iliangukia upande wa pili. Ukubwa huo wa santuri ndio unaopaswa kuamua mchoro. Santuri kubwa ya sentimita 30 hukifunika kimkeka chote, na mchoro wake huonekana tu santuri inapoondolewa. Santuri ndogo huacha pete wazi yenye upana wa sentimita 6 kuizunguka pande zote. Vimkeka vingi vya dukani vina pambo lao katikati, mahali ambapo rumba itakaa juu yake. Kwa mpenzi wa santuri za 45, mchoro mkuu uwekwe katika pete.

Kabla ya mchoro ni kitambaa. Feliti ya kiwandani hupatikana kwa shida katika miji midogo, lakini masoko ya mivumba, yaani nguo za mitumba, ya Bwera na Mpondwe yana malighafi bora kuliko hiyo: makoti na sweta za sufu. Kinachotafutwa ni nguo ambayo lebo yake inasema ni sufu tupu, au karibu na hapo. Nguo hiyo hufuliwa kwa maji ya moto na sabuni, ikasuguliwa na kukamuliwa kwa nguvu mara kadhaa, kisha ikasuuzwa kwa maji baridi. Nyuzi za sufu zina magamba madogo yanayoshikana zinapopata joto na msuguano, hivyo kitambaa husinyaa, hunenepa na kuacha kufumuka hata kikikatwa. Nguo yenye poliesta nyingi haisinyai hivyo, na kosa jingine la poliesta ni kwamba hujaa umeme tuli wakati wa kiangazi: kimkeka huinuka pamoja na santuri inapoondolewa, na vumbi la barabarani hung'ang'ania mifereji. Pamba nzito ya marudufu inaweza kutumika badala ya sufu kwa anayetaka kuangalia mchoro tu bila kurudisha santuri nyuma. Kwa kutelezesha haifai sana, kwa sababu mfumo wake hukwaruza sahani. Kitambaa cha magome ya mutuba kina rangi nzuri ya udongo, lakini hutoa nyuzinyuzi ambazo huishia kwenye sindano, kwa hiyo heri kipambe ukuta.

Unene unaofaa ni kati ya milimita 1 na 3. Chini ya hapo kitambaa hujikunja. Juu ya hapo huinua santuri mno, na mkono wa sindano huacha kulala sambamba na uso wa santuri. Mpira wa awali uondolewe kwanza, kimkeka kiwekwe juu ya sahani tupu. Mashine ambayo urefu wa mkono wake hurekebishwa irekebishwe upya, hasa ikiwa mpira ulioondolewa ulikuwa mnene.

Sufu iliyosinyaa huwa laini kupita kiasi, na hapo ndipo wanga unapoingia. Nchi ya bundu, yaani ugali wa muhogo, haina haja ya kununua wanga wa kopo. Unga mweupe wa muhogo, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha maji, huchemshwa mpaka uji wake uwe mwepesi na wa kuangaza, ukachujwa kwa kitambaa safi ili usibaki na chembe hata moja. Kitambaa hupakwa uji huo kwa sponji upande wa chini tu, kikaachwa kinyauke, kisha kikapigwa pasi ya moto kikiwa bado na unyevunyevu. Kikikauka kabisa kinapaswa kusimama kikishikwa ukingoni, bila kuwa kigumu kama karatasi. Wanga mwingi humeguka na kuwa unga, na unga huo husaga santuri, kwa hiyo ni afadhali kupaka safari mbili nyepesi kuliko moja nzito.

Kukata huanza na kitovu. Alama ya kitovu huwekwa kwanza, kisha duara la nusu kipenyo cha sentimita 14.75 huchorwa kwa bikari kubwa au kwa msumari na uzi usiovutika. Tundu la kati hupimwa milimita 7, sawa na kijiti cha gramafoni, na hutobolewa kabla ya ukingo kukatwa. Utaratibu huo una sababu: tundu likipotea kwa milimita 2 tu, pete nzima itayumba milimita 4 kwa kila mzunguko, na mchoro uliokusudiwa kuzama utaonekana ukicheza kama gurudumu lililopinda. Tundu likishatoboka, kitambaa huvishwa kijiti chenyewe, sahani ikazungushwa taratibu kwa mkono, na chaki iliyotulizwa mahali pamoja ikagusa ukingo. Mstari unaobaki ndio wa kukatia, kwa mkasi wa fundi cherehani, kwa mkato mmoja mrefu.

Sasa mchoro. Kielelezo cha kuzama na kuvimba hakihitaji kuagizwa mbali, kwani wasukaji wa magharibi mwa Uganda wanakitumia katika vikapu na masinia yao ya kuzungusha. Kiini cha mabua au nyuzi ngumu hufungwa kwa rafia na kushonwa mzunguko juu ya mzunguko, na msukaji anapobadili rangi kila mzunguko mbele kidogo ya ule uliotangulia, mikono ya rangi hujipinda kutoka katikati kwenda ukingoni. Sinia la namna hiyo likizungushwa sakafuni mikono huonekana ikisafiri. Hesabu hiyo ya msukaji huhamishwa kwenye kimkeka bila kubadilishwa, na hufaa sana kwa mtu asiye na kompyuta.

Katika pete huchorwa duara 12 zinazoshiriki kitovu, ya kwanza ikiwa na nusu kipenyo cha sentimita 9 na ya mwisho sentimita 14.5, zikiachana nusu sentimita. Hizo hutoa njia 11. Kisha kwa kipimapembe pete hugawanywa vipande 12 vya nyuzi 30. Matokeo ni visanduku 132. Katika njia ya ndani kabisa visanduku viwili hujazwa weusi, viwili huachwa vyeupe, mpaka duara likamilike. Njia inayofuata hujazwa vivyo hivyo, lakini mwanzo wake husogezwa kisanduku kimoja, na hivyo hivyo mpaka nje. Mikono mitatu ya weusi hujitokeza yenyewe, kila mmoja ukiwa umezunguka nyuzi 300 kutoka ndani hadi ukingoni.

Upande wa kusogezea ndio unaoamua kitakachoonekana. Sahani ya gramafoni, ikitazamwa kutoka juu, huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Mikono ikisogezwa kwa mwelekeo huo huo inapotoka ndani kwenda nje, macho yataona pete ikimezwa kuelekea santuri. Ikisogezwa kinyume cha saa, pete itaonekana ikitoka chini ya santuri na kumwagika nje. Wa kwanza ndio unaopendeza zaidi na santuri ndogo, kwa sababu jicho hupelekwa kwenye lebo na sindano. Mtazamaji akikazia macho pete kwa nusu dakika kisha akatazama ukuta au kiganja chake, atakiona kikitambaa kwa mwelekeo wa kinyume kwa muda mfupi. Hilo si ugonjwa. Ni mishipa ya kuona mwendo iliyochoka upande mmoja.

Idadi ya mikono isiongezwe ovyo. Kwa kasi ya 45 sahani hupita robo tatu ya mzunguko kila sekunde, kwa hiyo mikono mitatu hupita mbele ya nukta moja mara 2.25 kwa sekunde, na jicho huifuata bila shida. Mikono ikiwa 80, weusi na weupe hupita mara 60 kwa sekunde na kuchanganyika kuwa kijivu. Katikati ya viwango hivyo kuna eneo la hatari. Mimweko mikali inayozidi mitatu kwa sekunde, na hasa ile ya kati ya 15 na 25, inaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Duara dogo juu ya meza halina ukali wa skrini kubwa, lakini dijei anayekusudia kurusha picha ya kimkeka ukutani kwa projekta katika sherehe abaki na mikono mitatu, na atangaze mapema.

Katikati, chini ya santuri, hubaki nafasi ya nusu kipenyo cha sentimita 8.5 ambayo huonekana santuri inapobadilishwa. Hapo panafaa mchoro wa Musatti na Duchamp. Duara tano huchorwa zenye nusu kipenyo cha sentimita 8, 6.5, 5, 3.5 na 2. Kitovu cha ile kubwa hukaa kwenye tundu. Cha ya pili husogea milimita 7 upande mmoja, cha ya tatu milimita 14, cha ya nne 21, cha ya tano 28, vyote kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zikizunguka, duara hizo huacha kuwa bapa na kuwa chombo kirefu kinachoyumbayumba, kikielekeza mdomo wake kwa kila aliyezunguka meza. Kasi ya 33⅓ huonyesha kina hicho vizuri kuliko 45, na jicho moja likifumbwa kina huongezeka, kwani macho mawili kwa pamoja hung'amua kwamba kitambaa ni bapa. Duara zote zikishiriki kitovu kimoja hakuna kitakachotokea: zitaonekana zimesimama tuli hata sahani ikienda kasi.

Rangi ya kitambaa, ile ya maji inayotumiwa na wachapaji wa fulana, ndiyo salama. Hupakwa nyembamba kwa brashi fupi, hukaushwa siku nzima, kisha hupigwa pasi kupitia kitambaa cha pamba ili ishike. Rangi ya mafuta haifai hata kidogo: hukauka na tuta linaloinua santuri, na kiyeyushi chake huweza kulainisha vinili. Anayetaka vimkeka vingi vya namna moja ampelekee mchapaji wa fulana mjini Kasese mchoro wake kwenye karatasi, achapiwe kwa skrini kabla ya kukata, huku alama ya kitovu ikiwa imechapwa pamoja na mchoro.

Baada ya hapo hufanywa jaribio la kuteleza. Santuri isiyo na thamani huwekwa juu ya kimkeka, sahani ikawashwa, na kidole kimoja kikaizuia santuri ukingoni. Sahani ikiendelea bila kupunguza mwendo, kazi imekamilika. Ikisitasita, duara la plastiki laini linalokatwa kutoka mfuko wa ndani wa santuri huwekwa chini ya kimkeka. Mashine za mkanda zina mota dhaifu na zisitegemewe kwa kurudisha nyuma. Kwao kimkeka ni cha kuangalia na cha kuachia wimbo tu. Santuri za zamani za kasi ya 78 ni za shelaki, huvunjika kama sahani ya udongo, na hazipaswi kuvutwa kwa mkono kwa namna yoyote.

Simu ya mkononi huongeza mchezo mwingine, na hili ndilo wazo la Plateau lililorudi bila matundu. Kamera inayorekodi picha 30 kwa sekunde hupiga picha 40 katika mzunguko mmoja wa kasi ya 45. Pete ikigawanywa vipande 40 vya nyuzi 9, na kila kipande kikachorwa hatua moja ya mwendo, video itaonyesha michoro ikitembea mahali pake huku santuri ikizunguka. Si lazima michoro yote iwe tofauti: mfululizo wa hatua 10, tuseme ngege wa Ziwa Edward anayepiga mkia, hurudiwa mara nne. Hatua zipangwe kinyume cha mishale ya saa, la sivyo ngege ataogelea kinyumenyume. Kwa kasi ya 33⅓ vipande huwa 54. Kizuizi kikubwa ni mwanga. Kamera ikifungua jicho lake kwa sekunde 1/60, ukingo wa kimkeka husogea zaidi ya sentimita moja kabla picha haijakamilika, na yote huwa ukungu. Sekunde 1/500 hutosha, lakini hudai mwanga wa jua. Jua la saa sita, katika wilaya inayopitiwa na mstari wa ikweta, linatosha kabisa. Santuri nzuri isiachwe juani. Vinili hupinda kwa joto, na santuri nyeusi hupata moto upesi.

Kimkeka kinaweza pia kupima kasi. Taa nyingi za umeme wa gridi nchini Uganda, wenye mawimbi 50 kwa sekunde, humweka mara 100 kwa sekunde. Ukingo ukichapwa vistari 133 vilivyolingana, vitaonekana karibu vimesimama sahani inapozunguka mara 45 kwa dakika. Vistari 180 hufanya hivyo kwa 33⅓. Vikisogea mbele, sahani inakimbia. Vikirudi nyuma, inachelewa. Kazi hiyo ni ndogo mno kwa mkono na inafaa programu ya kuchora na karatasi ngumu. Tena haifanyi kazi chini ya balbu za sola, ambazo kwa kawaida mwanga wake haumweki. Penye sola, alama moja ya chaki ukingoni na saa yenye mshale wa sekunde hutoa jibu lile lile: mizunguko 45 ndani ya dakika moja, isipungue, isizidi.

Kimkeka kisifuliwe kwa maji baada ya kutiwa wanga. Hupanguswa kwa brashi kavu kwa mwelekeo mmoja, na hutunzwa kikiwa kimelala chini ya santuri nzito. Kikijikunja, pasi ya moto wa wastani upande wa chini hukirudisha. Anayeanza aanze na pete ya visanduku 132 juu ya karatasi ngumu, aitazame ikizunguka chini ya rumba moja nzima, sebene ikiwemo, na ahamie kwenye sufu atakapoona imezama upande alioukusudia.